Tamthilia imeshaisha, muvi ya nyongeza inaongeza nini?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una siri za Battlestar Galactica na Babylon 5 kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo kama hujaziangalia na unataka kuzifaidi mwenyewe, ishia hapa urudi ukimaliza.

Nimemaliza kuirudia Battlestar Galactica kwa mara ya tatu, ile iliyorushwa 2004 hadi 2009, ya mabaki ya binadamu wanaokimbia kwa msafara wa meli za anga baada ya kuangamizwa na Cylon, mashine zilizopewa sura chache za binadamu, kila sura na nakala nyingi. Mwisho wake ulionyeshwa Machi 2009. Msafara umefika ulipofika, waliokufa wamezikwa, kamanda wao Adama amekaa kilimani kando ya kaburi la Roslin, mwanamke aliyempenda. Hadithi imefungwa. Halafu Oktoba mwaka uleule ikatoka DVD ya The Plan, imeandikwa na Jane Espenson na kuongozwa na Edward James Olmos mwenyewe, yaani huyohuyo Adama. Kazi yake ni kuturudisha siku ya maangamizi na kutupitisha misimu miwili ya mwanzo kwa macho ya Cylon. Kama mnakumbuka, maneno ya mwanzo wa kila sehemu yalikuwa yanatuambia kwamba hawa viumbe wana mpango. Muvi ikaja kutimiza hiyo ahadi.

Ndiyo nikabaki na swali. Hadithi iliyokwisha, tena ikaisha kwa mkono wa wenyewe, muvi inayokuja nyuma yake inaongeza kitu kweli au inachokonoa kidonda kilichopona?

Nimelifikiria sana na msimamo wangu ni huu: inaongeza pale inapotuletea mtu. Inapotuletea majibu tu, mara nyingi inapunguza. The Plan ni mfano mzuri kwa sababu imefanya yote mawili ndani ya muvi moja.

Palipoongeza ni kwa Simon. Kati ya sura za Cylon tulizozijua, huyu alikuwa na nafasi ndogo kuliko karibu wenzake wote. Msimu wa pili tulimwona Caprica akiwa daktari mwenye sauti ya upole, anamtibu rubani Kara Thrace huku ana mipango yake juu ya kizazi cha yule binti. Baada ya hapo akawa wa kusimama nyuma kwenye vikao na kupiga kura. The Plan inatuonyesha Simon mwingine, aliyeishi ndani ya msafara wa binadamu. Ana mke. Ana mtoto mdogo wa kike anayemlea. Cavil, kiongozi wa Cylon hao, anamwagiza ailipue meli ileile anayolala na familia yake. Simon hapigi hotuba, hageuki shujaa, hatoi siri kwa Adama. Anajitoa nje ya meli, anafia angani, na meli inabaki salama. Ukirudi sasa kwenye tamthilia, kila Simon anayepita nyuma ya kamera unamtazama mara mbili, maana unajua kuna mmoja wao aliyependa hadi hapo.

Palipopunguza ni kwa Shelly Godfrey. Huyu ni yule mwanamke wa msimu wa kwanza mwenye sura ya Number Six, mojawapo ya sura za Cylon, aliyekuja Galactica na picha ya kumshitaki mwanasayansi Gaius Baltar kwa usaliti. Picha ikagundulika ni ya kughushi, yeye akapinda kona ya korido, na hakuonekana tena. Tulibishana miaka. Alikuwa Cylon wa damu na nyama, au alikuwa yule Six wa kichwani mwa Baltar, anayeonekana na Baltar peke yake, aliyeamua siku ile aonekane na kila mtu? Na tamthilia ilipoisha kwa kutuambia kwamba wale wa vichwani ni wajumbe wa kitu kikubwa kuliko Cylon na binadamu, ile kona ya korido ikazidi kuwa na uzito. The Plan inasema alikuwa wakala wa Cavil, basi. Hakuna cha ziada tulichojua kuhusu yeye kama yeye. Tumepewa jibu, tumenyang'anywa kona.

Karibuni tujadili. Muvi gani ya nyongeza mnaona iliongeza, na ipi mngeacha isitengenezwe?

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umeipendelea. Sehemu kubwa ya The Plan ni vipande vya zamani vilivyokatwa na kushonwa upya. Unakaa unatazama bomu la Doral, risasi za Boomer, vitu ulivyoviona miaka mitano nyuma, katikati wamechomeka Cavil analalamika. Kama hujaangalia tamthilia huelewi chochote, na kama umeangalia nusu yake unaijua.

Na mpango wenyewe? Tumesubiri misimu yote hiyo kumbe mpango ulikuwa kuua binadamu wote kwa siku moja ili wale Watano, Cylon waliomtengeneza Cavil na wenzake, warudi na kukiri kwamba mtoto wao Cavil alikuwa sahihi. Ukashindikana siku ya kwanza, watu takriban 50,000 wakaponyoka, na kuanzia hapo Cavil anabahatisha tu. Adui aliyekuwa ananinyima usingizi msimu wa kwanza amegeuka mtoto aliyesusa. Mimi ningepewa hiari ningeifuta.

#3 – Mleta uzi

Kuhusu kushonwa kwa vipande sikupingi, ni kweli na kunachosha, hasa saa ya kwanza. Lakini kususa kwa Cavil hakukuanzia kwenye The Plan. Msimu wa nne, kwenye No Exit, Ellen, mmoja wa wale Watano, anapofufuka na kukaa naye, tunaelezwa yote: kwamba jina lake ni John, kwamba anauchukia mwili wa nyama aliopewa, kwamba aliwafuta wazazi wake kumbukumbu. Muvi imekuta hayo yapo.

Ilichofanya ni kumgawa Cavil mara mbili, na hapa naomba tutulie kidogo. Cavil mmoja yuko Caprica, amejificha kama padri kati ya wapiganaji wa Anders, binadamu waliobaki huko kupambana. Mwingine yuko kwenye msafara, padri vilevile. Sura moja, kumbukumbu moja, chuki moja siku ya kwanza. Wa Caprica anakaa na watu wanaozika wenzao na kesho yake wanaamka kupigana, na taratibu anaanza kuona kwamba lile tendo lilikuwa kosa. Wa kwenye msafara anazoewa na mtoto yatima. Mtoto anaitwa John. Mtoto anajiona wamekuwa marafiki, na Cavil anamuua. Yaani mtu yuleyule kapewa mlango wa kutokea sehemu mbili, mmoja akapita, mwingine akaufunga kwa mkono wake. Kwenye tamthilia wale wawili tuliwaona wamesimama pamoja mwisho wa msimu wa pili, mmoja kaleta ujumbe kwamba Cylon wanaondoka Caprica, na sisi tukaona ni nakala mbili za kitu kimoja. Sasa najua walikuwa watu wawili.

Kitu kingine. Mnakumbuka Tyrol, fundi mkuu wa Galactica, alipokwenda kwa padri Cavil baada ya kumpiga Cally? Anaogopa kwamba huenda yeye ni Cylon. Cavil anamjibu kimzaha kwamba haiwezekani, kwa sababu yeye mwenyewe padri ni Cylon na hajawahi kumwona Tyrol kwenye mikutano. Mara ya kwanza tulicheka na padri mcheshi. Sehemu inayofuata ikafichua kwamba ni Cylon kweli, tukashika vichwa. Baada ya No Exit tukajua kwamba padri alimfahamu Tyrol kuwa ni mmoja wa Watano, yaani alikuwa amekaa mbele ya mzazi wake anamlaghai. Na baada ya The Plan tumeiona mikutano yenyewe: Cavil kazungukwa na watu wake walioshindwa kazi, anawakaripia mmoja mmoja. Mzaha mmoja umebeba mambo manne, na la nne limetoka kwenye hiyo muvi unayotaka kuifuta.

#4

Mimi nasimama na #2 kuhusu The Plan, ila nashangaa hakuna aliyeitaja Razor. Hiyo ndiyo muvi. Novemba 2007, kati ya msimu wa tatu na wa nne. Admirali Cain, mkuu wa meli ya vita Pegasus, tulishamjua msimu wa pili, na mabaya yake tulisimuliwa kwa mdomo tu: msaidizi wake akiwa na Tigh, naibu wa Adama, wanakunywa, anatoa hadithi ya meli za raia zilizonyang'anywa vifaa na familia zilizopigwa risasi. Tukio lile lilitisha kwa sababu hatukuonyeshwa.

Razor ikaamua kuonyesha. Kwa hesabu yako mleta uzi hapo ingepaswa kupunguza, si ndiyo? Lakini haikupunguza, kwa sababu ilimleta Kendra Shaw. Ofisa mdogo, siku ya kwanza kazini anakutana na maangamizi, na siku ile ya meli za raia yeye ndiye anayefyatua risasi ya kwanza. Tamthilia ilituambia Cain aliamuru. Muvi ikatuambia kuna mkono ulioitikia, na mkono huo una jina na unaendelea kuishi miezi kadhaa baadaye chini ya Lee Adama, unafanya kazi vizuri, unapandishwa cheo.

Kwa hiyo nakuunga mkono kwenye "mtu", ila naongeza: Razor ilikuja kabla ya mwisho. Kendra anaambiwa kwamba Kara Thrace ataipeleka jamii ya binadamu mwishoni mwake, anajitahidi kuwapa wenzake habari, mawasiliano hayapiti, anakufa nayo. Sisi watazamaji tukaingia msimu wa nne tumeibeba ile siri peke yetu. Muvi inayokuja baada ya pazia kushuka haiwezi kukufanyia hivyo. Haina kesho ya kukutishia nayo.

#5

Nimesubiri mtu aitaje Babylon 5, tamthilia ya kituo cha anga, sijaona, ngoja niingie. Sehemu 110 kuanzia 1994 hadi 1998, na J. Michael Straczynski kaandika 92 kati ya hizo. Muvi za pembeni ziko nyingi na hazilingani hata kidogo.

In the Beginning ilionyeshwa Januari 1998, tamthilia inahamia chaneli ya TNT kwa msimu wa tano, na ilikusudiwa kuwakaribisha watazamaji wapya. Londo Mollari ni mfalme mzee, jiji lake linaungua nje ya dirisha, na anawasimulia watoto wawili habari za vita kati ya Dunia na Minbari, taifa la viumbe wa sayari nyingine. Majibu yote ya msimu wa kwanza yamo humo. Kwa nini Minbari walisalimu amri wakati ushindi wameshaushika mkononi? Sinclair, mkuu wa kwanza wa kituo, alifanywa nini siku ya vita vya mwisho? Mgeni akianza na muvi hii, ameanza na majibu, na msimu mzima wa kwanza atakuwa anawasubiri wahusika wagundue anachokijua.

Lakini mtu aliyekwisha kumaliza akiiangalia, ni kitu kingine kabisa. Chukua Delenn, balozi wa Minbari. Tamthilia nzima ni mwanamke wa subira na amani, na msimu wa nne anakiri kwamba kura yake ndiyo iliyoanzisha vita. Kuambiwa ni jambo moja. Kumwona amempakata Dukhat, mwalimu wake, anamfia mikononi, halafu wazee wanamgeukia waamue, na yeye kwa uchungu uleule wa dakika ile anataka wauawe bila huruma, hilo ni jambo jingine. Jibu tulishapewa. Muvi ilituletea yule binti aliyelitoa.

Na msimuliaji kuwa Londo si urembo. Mzee aliyeangusha taifa lake anawasimulia watoto namna mataifa yanavyoanguka kwa kiburi, na hajitoi kwenye orodha ya wenye lawama. Peter Jurasik anaifanya sauti ile iwe nzito bila kuinua hata mara moja.

Zilizobaki nitapita haraka. Thirdspace na The River of Souls ni sehemu za kawaida zilizorefushwa. A Call to Arms ilikuwa mlango wa kuingilia Crusade, na Crusade ikafungwa baada ya sehemu 13, kwa hiyo ni mlango usio na nyumba. The Legend of the Rangers ya 2002 siipendi. The Lost Tales ya 2007 inaniumiza kwa sababu nyingine: Richard Biggs alishafariki 2004 na Andreas Katsulas 2006, na unaisikia nafasi yao kwenye kila korido tupu. Baada ya Sleeping in Light, ile sehemu ya mwisho ambayo taa za kituo zinazimwa, mimi sikuhitaji korido tena.

#6

Wakuu mbona mnazikwepa zilizo bora? Serenity ya 2005, muvi ya tamthilia ya Firefly. Farscape: The Peacekeeper Wars ya 2004. Hizo ndizo muvi zilizoongeza, wala hakuna ubishi.

#7 – Mleta uzi

#6, nazipenda zote mbili lakini nadhani hilo ni kundi jingine. Firefly ilikatwa 2002 ikiwa na sehemu 14, na tatu hazikurushwa hata hewani mara ya kwanza. Farscape ilikatwa John na Aeryn wamegeuzwa vipande vidogo kama changarawe ndani ya mtumbwi, watazamaji wakapiga kelele hadi ikaletwa ile ya kumalizia. Pale hadithi ilikuwa na deni na muvi ikalipa. Mtu aliyekuwa anakudai akilipwa huwezi kusema ameongezewa. Mimi nauliza habari ya nyumba ambayo haidaiwi.

Ingawa nikiitazama Serenity kwa karibu, kuna kitu mle kinanigusa kwenye hoja yangu. Reaver kwenye tamthilia ni hofu tu, watu wanaokula watu pembezoni mwa anga. Muvi ikatupa asili yao kule Miranda: dawa iliyowekwa hewani kutuliza watu, wengi wakatulia hadi wakaacha kula na kupumua, wachache wakageuka vile. Hilo ni jibu, tena jibu kamili, na halikupunguza. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu linawalazimisha watu tunaowajua waamue watafanya nini nalo, na uamuzi huo unamgharimu mmoja wao maisha. La Shelly Godfrey halikumlazimisha mtu yeyote kufanya chochote. Kwa hiyo narekebisha niliposema juu kuhusu majibu: shida ni jibu lisilomgharimu mtu.

#5, asante sana kwa Delenn. Na #4, hoja yako ya kesho nimeishika, nitairudia.

#8

Stargate SG-1 nayo iingie. Misimu 10, sehemu 214, halafu 2008 muvi mbili. The Ark of Truth ilikuja kumaliza habari ya Ori, na kwangu ni deni lililolipwa kwa haraka mno: dini nzima inayoteketeza galaksi inazimwa na sanduku moja. Continuum haikuwa na deni lolote, adui wao wa zamani Ba'al anarudi nyuma kuharibu historia, timu inabaki kwenye dunia ambayo haikuwahi kuwajua. Ndiyo niliyoipenda zaidi. Kipande cha barafuni walikwenda kukipiga Aktiki kwelikweli, pamoja na nyambizi ya jeshi la maji la Marekani, na kinaonekana. Pia ndiyo mara ya mwisho kumwona Don S. Davis akiwa Hammond. Alifariki Juni 2008, mwezi mmoja kabla haijatoka. Kwa kipande chake tu nashukuru ilitengenezwa.

#9

Kwa upande wa katuni za Japani kuna mifano miwili inayovutana. The End of Evangelion, Julai 1997, haikuongeza juu ya mwisho, ilikaa mahali pa mwisho. Sehemu mbili za mwisho za tamthilia, zilizorushwa 1996, zilitokea vichwani mwa wahusika, watu wakakasirika, Hideaki Anno akarudi na mwisho mwingine unaoonyesha yaliyokuwa yakitokea nje ya vichwa. Hadi leo nina miisho miwili na sitaki kuachia hata mmoja.

Cowboy Bebop ni kinyume. Tamthilia imeisha 1999, muvi imetoka 2001, na inakaa kati ya sehemu ya 22 na ya 23. Haigusi mwisho. Haijibu kitu. Unakaa tu na wale wanne siku chache zaidi wakati bado wako pamoja. #4 anasema muvi ya baada ya pazia haina kesho ya kututishia. Kwa Bebop kesho tunaijua, na ndiyo inayofanya kila mlo wa pamoja kwenye ile meli uwe mgumu kumeza. Spike, mhusika mkuu, anacheka, wewe unahesabu sehemu zilizobaki.

#10

Samahanini wakubwa, mimi ni mgeni wa Battlestar Galactica, nimefika katikati ya msimu wa pili. Nimesoma nusu nusu nikiruka siri. Hizi muvi niziangalie lini?

#11 – Mleta uzi

Karibu sana, na usisome juu tena. Razor iangalie baada ya msimu wa tatu, kabla ya kuanza wa nne, kama ilivyorushwa. Wapo wanaokushauri uichomeke msimu wa pili kwa sababu mambo yake mengi ni ya wakati huo. Usiwasikilize, kuna maneno mwishoni mwake unayotakiwa kuingia nayo msimu wa nne. The Plan iache hadi mwisho kabisa, tena usiifuatishe siku ileile. Pumzika wiki mbili. Kisha iangalie, na ukimaliza rudi kwenye sehemu mbili za kufunga msimu wa pili, zile za Lay Down Your Burdens, ambazo wewe ndiyo unazikaribia sasa.

#9, umenishika pabaya. Nilikuja hapa naamini kwamba muvi inayofuata mwisho lazima imlete mtu mpya au imfungue wa zamani. Bebop haikumfungua Spike hata kidogo na bado siwezi kusema haikuongeza. Sina jibu la hapo bado.

#4, nimerudi kama nilivyoahidi. Umesema muvi ya baada ya pazia haina kesho. Jana usiku nimeirudia ile ya Tyrol na padri, nikijua yote. Kuna mahali Cavil anamaliza mzaha wake na Tyrol anatabasamu kidogo, kwa unafuu, kwa sababu padri amemhakikishia. Dean Stockwell, aliyemwigiza Cavil, anamtazama akitabasamu. Aliigiza pale miaka mitatu kabla The Plan haijatoka, huenda hata hakujua Tyrol ataishia kuwa nani. Nimeirudisha nyuma mara tatu kuuangalia uso wake, na mara zote tatu nimemwona yule mtoto John.